KAAKAA LAINI NA MWALIMU WA KISWAHILI

Mwalimu wa Kiswahili hufanya kazi kwa kinywa chake na juu ya vinywa vya wanafunzi wake. Hata hivyo, ukimwuliza mwanachuo anayekaribia kuhitimu akueleze kinywa kimeumbwaje nyuma ya meno, aghalabu atakutajia ulimi, kisha atanyamaza. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba ujinga huo una gharama, na kwamba wanaoilipa si walimu bali ni watoto. Tutaizungumzia sehemu moja tu ya kinywa, nayo ni kaakaa laini. Tumeichagua kwa sababu ndiyo iliyosahauliwa kupita zote, na kwa sababu sisi wenyewe, wakufunzi, tuliisahau tulipotakiwa kuikumbuka.

Tuliyoyaona darasani

Miaka kadhaa iliyopita, wakati wa mazoezi ya kufundisha, tulikwenda kumkagua mwanachuo wetu mmoja katika shule ya msingi iliyo mbali na barabara kuu, katika vilima vya Iringa. Alikuwa akifundisha kusoma katika Darasa la Pili. Ubaoni aliandika silabi za herufi b, na chini yake neno baba. Watoto walisimama mmoja mmoja wakasoma. Ilipofika zamu ya msichana mmoja aliyeketi nyuma, alisoma: "Mama."

"Siyo mama, ni baba. Rudia," alisema mwalimu.

Mtoto akarudia, na neno likatoka vile vile. Akaambiwa arudie mara ya tatu, kwa sauti zaidi. Darasa zima likacheka. Msichana yule aliketi, akaufunika uso wake kwa daftari, na hakuinua kichwa mpaka kengele ilipolia. Sisi tuliokuwa tumekaa nyuma na fomu zetu tuliandika kwamba mwalimu ana bidii ya kusahihisha matamshi, tukampa alama nzuri.

Muhula uliofuata tulirudi shuleni hapo, na yule mtoto hakuwapo. Tulipouliza tuliambiwa kwamba ni mtoro. Tukafuatana na mwalimu mkuu hadi nyumbani kwao, tukamkuta bibi yake akichambua maharage uani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Karibuni, ketini."

Tulipomweleza lililotuleta, bibi hakukasirika. Alisema: "Mtoto huyu tangu ananyonya, maziwa yalikuwa yakimtokea puani. Watu wakasema ni kimeo. Tukampeleka, akakatwa. Sauti haikupona, ikawa ile ile ya puani. Sasa huko shuleni wenzake wanamcheka, nami sikuwa na moyo wa kumlazimisha."

"Je, bibi, alipata kutazamwa hospitalini?"

"Mdomo wake ni mzima, mwalimu. Nani angedhani kwamba tatizo liko ndani?"

Baadaye mganga wa zahanati alimulika kinywani mwake kwa tochi, akaona kwamba kaakaa laini limepasuka katikati. Mdomo wa juu ulikuwa mzima, ndiyo maana hakuna aliyeshuku. Alipasuliwa na kushonwa akiwa na umri wa miaka tisa. Usemi wake ulitengenea polepole, wala haukutengenea wote, naye alirudi darasani akiwa nyuma ya wenzake kwa zaidi ya mwaka. Tangu siku hiyo tumekuwa tukijiuliza: kama yule mwanachuo angalijua kwa nini b hugeuka m, angalimwamuru mtoto yule arudie mara tatu? Na sisi tuliomfundisha mwanachuo huyo, tulimpa nini cha kumsaidia kujua?

Kaakaa laini ni nini?

Mtu akipitisha ncha ya ulimi juu ya kinywa chake, kuanzia nyuma ya meno ya mbele kwenda ndani, ataona kwanza kwamba pana ugumu. Hilo ni kaakaa gumu, ambalo ndani yake mna mfupa. Akiendelea kurudisha ulimi nyuma, atafika mahali ambapo mfupa umekwisha, na pamekuwa nyama tupu inayobonyea. Hapo ndipo linapoanza kaakaa laini. Mwisho wake huning'inia kinyama kidogo ambacho wanaisimu hukiita kimio, na ambacho wananchi wengi hukiita kimeo au kilimi.

Kaakaa laini lina jozi tano za misuli. Jozi moja huliinua, nyingine hulikaza, mbili hulivuta chini, moja kuelekea ulimi na moja kuelekea koo, na ya tano imo ndani ya kimio chenyewe. Kwa misuli hiyo, kaakaa laini hufanya kazi ya mlango. Likiinuka na kurudi nyuma hukutana na ukuta wa koo, na njia ya kwenda puani hufungwa. Likishuka, njia hiyo huwa wazi. Tunapomeza uji, mlango hufungwa ili uji usipande puani. Tunapopuliza moto wa kuni asubuhi ya baridi, mlango hufungwa ili pumzi yote ipite kinywani. Tunapopumua kwa pua tukiwa kimya, mlango hubaki wazi.

Pana jambo lingine ambalo kila mwalimu angepaswa kulijua. Ule msuli unaolikaza kaakaa laini ndio pia unaofungua mrija unaounganisha koo na sikio la kati. Kwa hiyo mtoto ambaye kaakaa lake lina kasoro huwa katika hatari kubwa ya kujaa majimaji masikioni na kupungukiwa usikivu. Mtoto wa namna hiyo akiketishwa nyuma ya darasa, huwa ameonewa mara mbili: hasemi vizuri, na hasikii vizuri.

Ramani yetu ni somo tosha

Katika usemi, mlango huu hufunguka na kufungika bila sisi kujua. Sauti zote za Kiswahili hutamkwa kaakaa laini likiwa limeinuka, isipokuwa zile za ving'ong'o: m, n, ny na ng'. Mwalimu wa mikoa yetu hana haja ya kutafuta mifano mbali. Ayatazame majina ya mahali anapoishi.

Tukitamka Mbeya, midomo hufungwa, kaakaa laini likiwa chini, na sauti hupitia puani. Hiyo ni m. Midomo ikiwa bado imefungwa, kaakaa hupanda, pumzi hujikusanya kinywani, kisha midomo huachana. Hiyo ni b. Ulimi na midomo havikubadilisha chochote kati ya m na b. Kilichobadilika ni kaakaa laini peke yake. Tukitamka Iringa, jambo lile lile hutokea nyuma ya kinywa: sehemu ya nyuma ya ulimi hugusa kaakaa laini, mlango wa pua ukiwa wazi, kisha hufungwa, ndipo g inapopasuka. Inajulikana kwamba jina Iringa limetokana na neno la Kihehe lilinga, yaani boma. Katika safari ya neno hilo, l iligeuka r, lakini ng ilibaki vile vile. Orodha inaendelea: Njombe, Mufindi, Makambako, Mbozi, Mbarali, Rungwe, Songwe. Nyanda za Juu za Kusini zimejaa majina ambayo ndani yake kaakaa laini hushuka na kupanda.

Kwa upande mwingine tunayo Tukuyu, Kyela na Kilolo. Katika majina hayo hamna king'ong'o hata kimoja. Basi mwalimu awaambie wanafunzi wazibe pua kwa vidole, waseme Tukuyu. Hapatakuwa na badiliko. Kisha, pua zikiwa bado zimezibwa, waseme Njombe. Sauti itakwama. Au mwalimu achukue kioo kidogo, akiweke chini ya pua ya mwanafunzi anayetamka mmmm, kisha aaaa. Katika baridi ya Makete au ya Njombe mwezi wa Juni, kioo kitaona ukungu mara ya kwanza, na mara ya pili kitabaki safi. Wanafunzi watakuwa wameliona kaakaa laini likifanya kazi, bila kulitazama.

Faida katika kufundisha matamshi

Twapenda kutoa mifano miwili ya jinsi elimu hii inavyobadili ufundishaji.

Mfano wa kwanza ni neno mtu. Watoto wengi wa mikoa hii husema mutu, mutoto, mukono. Sababu yake ni dhahiri: katika lugha zao za nyumbani kiambishi hicho kina irabu. Mnyakyusa husema umundu. Mwalimu wa kawaida husema, "Siyo mutu, ni mtu!" Mtoto hurudia mutu, na wote wawili huchoka. Mwalimu anayejua kaakaa laini atafanya hivi: atamwambia mtoto afumbe midomo na aimbe mmmm, mkono ukiwa juu ya pua ili ausikie mtetemo. Kisha, bila kufungua midomo mapema, aruke moja kwa moja kwenye tu. Mtoto atagundua kwamba m yaweza kusimama peke yake kama silabi, kwa kuwa pumzi yake inayo njia ya kupitia. Baada ya hapo mbu, nchi, nta na nne hazitamshinda.

Mfano wa pili ni tofauti ya ng na ng'. Alama ile ndogo ya ng' huwasumbua hata walimu, na wengi huiacha wanapoandika ubaoni. Lakini ng'oa ni kutoa kitu kilichoshika ardhini, na ngoa ni wivu. Katika ng' kaakaa laini hubaki chini mpaka irabu inapoanza, wala hakuna mpasuko. Katika ng hupanda kabla ulimi haujaachia, na mpasuko husikika. Mwanafunzi aliyeelewa hivyo ataona kwamba ile alama si pambo la mwandishi, bali huonyesha kitendo cha kinywa.

Lafudhi si kasoro, na kasoro si lafudhi

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yetu. Mwalimu asiyejua maumbile ya kinywa hawezi kutofautisha mambo mawili ambayo yako mbalimbali kabisa. Mtoto anayesema mutu ana kinywa kizima. Anachokosa ni mazoezi tu, wala lafudhi ya kwao haimpunguzii akili. Mtoto anayesema mama akitaka kusema baba, na nana akitaka kusema dada, hajachukua jambo hilo katika Kihehe, Kibena, Kisafwa wala Kinyakyusa. Hakuna lugha katika nyanda hizi isiyojua kutenga sauti ya puani na sauti ya kinywani. Mtoto huyo mlango wake haufungi, na pumzi aliyoihitaji kwa ajili ya b imekwisha kupotea puani.

Jaribio lake ni rahisi. Mwalimu amwombe mtoto azungumze lugha ya nyumbani na rafiki yake. Mwalimu aliyetoka mkoa mwingine, asiyeijua lugha hiyo, amwulize rafiki yule kwa faragha kama mwenzake husikika vizuri. Kasoro ikionekana katika lugha zote mbili, basi si suala la lugha. Kisha amwambie aseme sentensi isiyo na king'ong'o, mathalan "Baba alipika ugali, kaka akala," mara moja pua ikiwa wazi na mara moja ikiwa imezibwa. Kwa mtoto mzima sentensi hiyo haibadiliki. Ikibadilika sana, ni dalili kwamba pumzi inavuja. Lakini mwalimu asichanganye hali hii na mafua, ambayo hutenda kinyume: mtoto mwenye mafua pua yake imeziba, naye akitaka kusema mama husikika kama anasema baba.

Dalili nyingine ni kwamba mtoto hawezi kupuliza kwa nguvu, maji humtokea puani anapokunywa, au masikio yake hutoa usaha mara kwa mara. Wakati mwingine ufa umefunikwa na ngozi nyembamba na hauonekani kwa urahisi, lakini kimio huwa kimegawanyika ncha mbili. Haya yote mwalimu ayachunguze kwa upole na kwa siri, akiwa na ridhaa ya wazazi, kamwe si mbele ya darasa.

Wataalamu hukadiria kwamba duniani kote mtoto mmoja hivi katika kila 700 huzaliwa na mpasuko wa mdomo au wa kaakaa. Kaakaa huungana tumboni mwa mama kabla mimba haijapita sana wiki ya 12. Wakati mwingine kuungana huko hakukamiliki. Si laana, wala si kosa la mama. Mpasuko wa kaakaa hushonwa vizuri zaidi mtoto akiwa bado na umri wa mwaka mmoja hivi, kabla usemi haujaimarika. Anayefika shuleni bila kutibiwa amekwisha kuchelewa, lakini hajachelewa kiasi cha kukatiwa tamaa. Upasuaji huu hufanywa nchini, mathalan katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili na katika hospitali ya CCBRT mjini Dar es Salaam. Njia ya kufika huko huanzia kwenye zahanati ya kijiji, na mara nyingi mtu wa kwanza awezaye kumwelekeza mzazi ni mwalimu.

Kuhusu kukata kimeo

Hatuwezi kulizungumzia kaakaa laini katika nchi yetu tukanyamaza juu ya kukata kimeo. Katika sehemu nyingi za Tanzania mtoto akikohoa muda mrefu, akitapika, au akikataa chakula, huambiwa kwamba kimeo chake kimerefuka na lazima kikatwe. Hatusemi haya kwa kuwadharau wazee wetu; mzazi anayempeleka mtoto wake kukatwa anampenda mtoto huyo. Lakini upendo bila maarifa huumiza. Kikohozi cha mtoto huwa ni cha kichomi, au cha kifua kikuu, au cha ugonjwa mwingine uliomo kifuani, na kisu hakifiki huko. Kinachofika ni damu nyingi, pepopunda, na maambukizo yanayoletwa na wembe uliokwisha kutumiwa kwa mwingine. Tena kisu kikiingia ndani zaidi, kaakaa lenyewe huumia, na mtoto aliyekuwa akisema vizuri huanza kusemea puani. Mwanafunzi aliyejifunza shuleni kwamba kimio ni sehemu ya kiungo kinachofanya kazi, wala si uvimbe uliozuka, atakuwa mzazi wa namna nyingine.

Majibu kwa wanaopinga

Wako wenzetu watakaosema kwamba mwalimu si daktari. Ni kweli. Lakini mwalimu huwaambia wazazi kwamba mtoto haoni ubaoni, ingawa yeye si daktari wa macho. Tunachokitaka si mwalimu atibu, bali atambue, na zaidi ya yote asimwadhibu mtoto kwa ajili ya maumbile yake.

Wengine watasema kwamba muhtasari umejaa. Nao wana haki, kwa kuwa kila mwaka huongezwa jambo na halipunguzwi. Lakini sisi hatuombi somo jipya. Kila chuo hufundisha matamshi ya Kiswahili. Kila chuo hufundisha sayansi ya mwili. Twaomba tu kwamba masomo hayo mawili yakutane kwa vipindi viwili au vitatu.

Wako pia watakaosema kwamba hakuna zana. Katika mikoa inayoota mianzi kila bondeni, hoja hiyo haina nguvu. Wanachuo wachukue kipande cha mwanzi, watoboe tundu la pili ubavuni liwe njia ya pua, na ndani yake wabandike ulimi wa mpira uliokatwa katika tyubu kuukuu ya baiskeli. Ulimi huo ukiziba tundu la ubavuni, pumzi yote itatoka mbele. Ukiachiwa, pumzi itagawanyika. Mwanachuo aliyeitengeneza zana hiyo kwa mikono yake hataisahau kazi ya kaakaa laini.

Mapendekezo

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu. Kwanza, maelezo ya ala za matamshi yasiishie katika mchoro wa kunakiliwa kwa ajili ya mtihani; yafanywe kwa kioo, kwa vidole na kwa sikio, na mifano itolewe katika majina na lugha za mahali chuo kilipo. Pili, kila mwanachuo kabla ya kwenda katika mazoezi ya kufundisha ajue kutenga lafudhi na kasoro ya kiungo, na ajue amwelekeze wapi mzazi. Tatu, fomu zetu za ukaguzi zibadilishwe. Zisiulize tu kama mwalimu alisahihisha makosa, bali ziulize pia kama alijua kosa limetoka wapi.

Pendekezo hili la tatu linatuhusu sisi zaidi kuliko wanachuo. Fomu tuliyoijaza siku ile katika vilima vya Iringa ingali katika majalada yetu, ikiwa na alama nzuri na sahihi yetu chini yake. Tungependa kusikia kutoka kwa walimu wenzetu, wa Mbeya, Iringa, Njombe, Songwe na kwingineko, waliopata kuwa na mtoto kama yule darasani: walimtambuaje, walifanya nini, na nini kiliwashinda.